USIDHARAU KIJIWE, KILIMLAZA HATA SHAH

Najua wengine mnanisoma mkiwa mmebanwa kwenye daladala, na wengine gazeti lenyewe mnasoma la jirani kwa kuchungulia begani. Haidhuru, mradi tupo pamoja.

Wiki hii nataka tuongelee vijiwe. Msikimbilie kufikiria vile vya chini ya mwarobaini, ambako washikaji wanakaa tangu asubuhi wanapanga kikosi cha Simba na Yanga na kuhesabu magari ya watu. Hapana. Naongelea vijiwe vya tumboni, vile vinavyokaa kwenye njia ya nyongo. Ingawa ukichunguza sana utaona tabia ni ile ile: kijiwe kinakaa njiani, kazi hakifanyi, wapita njia wanasumbuka, na ukikifukuza leo unaweza ukakikuta tena siku nyingine.

Kilichonisukuma ni barua ya dada mmoja wa Temeke. Anasema hivi, nami nafupisha: "Kaka, mama yetu alipasuliwa mwaka juzi akatolewa mfuko wa nyongo na mawe yake, hata tulionyeshwa kwenye kichupa. Sasa maumivu yamerudi pale pale, macho yamekuwa ya njano na jioni anatetemeka kwa baridi. Shangazi anasema ni mkono wa mtu. Mjomba anasema madaktari wamesahau mkasi tumboni. Mama mwenyewe kaapa hapasuliwi tena, bora afe na tumbo lake. Kaka, mfuko si ulishatolewa? Haya mawe yanatoka wapi tena?"

Jibu la kwanza nilimpelekea siku ile ile, wala sikungoja gazeti: mpelekeni mama hospitali leo leo, msilale nalo. Kwa nini nilikuwa mkali hivyo nitaeleza huko chini. Lakini swali lake la mwisho ni zuri ile mbaya, na hofu ya mama kuhusu kisu ni hofu ya watu wengi. Kwa hiyo hebu tukae kitako tulijibu vizuri. Na ili tuelewane, naanza na kisa cha mtu mkubwa kuliko wote ninaowajua waliowahi kubakiwa na kijiwe tumboni baada ya kupasuliwa.

MFALME NA KIJIWE KIMOJA

Alikuwepo Mohammad Reza Pahlavi, Shah wa Iran. Mtu huyu alikalia kiti cha ufalme tangu 1941, akiwa na jeshi, mafuta na majumba. Januari 1979 mapinduzi yakamng'oa, akaanza kuhama nchi hadi nchi: Misri, Morocco, Bahamas, hadi Mexico. Akiwa Mexico hali ikawa mbaya. Homa, tumbo, mwili unageuka njano. Unajua walifikiria nini kwanza? Malaria! Naam, kama vile sisi hapa, mtu akitetemeka tu tayari tumeshampa jina la ugonjwa. Mpaka daktari wa magonjwa ya nchi za joto akaitwa kutoka New York kuja kumwangalia.

Haikuwa malaria. Shah alikuwa na mambo mawili kwa mpigo: saratani ya tezi za limfu, ambayo ilikuwa siri tangu 1974, na mawe kwenye njia ya nyongo. Oktoba 22, 1979 akaingizwa New York usiku, na Oktoba 24 akapasuliwa, mfuko wa nyongo ukatolewa. Kila mtu akashusha pumzi.

Haukupita muda, ikagundulika kuna kijiwe kimoja kimebaki kwenye mrija.

Sasa pata picha. Huyu ni mfalme, yupo New York, anatibiwa na mabingwa, na bado kijiwe kimebaki. Kwa hiyo anayesema "mama amebakiwa na jiwe kwa sababu hospitali zetu hovyo" atulie kidogo. Jambo hili hutokea popote duniani, kwa daktari mzuri na kwa mgonjwa mwenye pesa.

Na wakati kijiwe kimekaa, nje nako kasheshe. Novemba 4, 1979 wanafunzi wa Tehran wakauvamia ubalozi wa Marekani, wakashika watu mateka, wanataka Shah arudishwe kwao ashitakiwe. Mateka 52 kati ya hao walikuja kukaa siku 444 kabla ya kuachiwa Januari 1981. Serikali ya Marekani inataka mgeni aondoke, mgeni kalala kitandani, dawa za saratani zinaendelea, na kijiwe hakijatoka. Kumpasua mara ya pili mtu aliyechoka kiasi kile, ndani ya wiki chache? Noma.

Tumwache Shah kitandani kwanza, tutamrudia. Kwanza tujue kile kijiwe kilikuwa kimekaa wapi hasa.

RAMANI YA NYONGO

Nyongo inatengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita mpaka lita nzima kwa siku. Kazi yake ni kusaidia kusaga mafuta, yale ya chipsi kuku na yale ya chapati za asubuhi. Kutoka kwenye ini inateremka kwa mrija mmoja hadi kwenye utumbo mwembamba. Ubavuni mwa mrija huo kuna mfuko mdogo, umbo kama pera, unaoweka akiba ya nyongo mpaka utakapokula. Huo ndio mfuko wa nyongo.

Shika hapa, maana ndiyo siri yote: mfuko ni stoo tu, kiwanda ni ini. Ukitolewa mfuko, ini linaendelea kutengeneza nyongo kama kawa, na mrija unaendelea kuisafirisha. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi bila mfuko na akala pilau yake vizuri. Na ndiyo maana vile vile mtu asiye na mfuko bado anaweza kupata jiwe, kwa sababu mrija upo.

Mrija wenyewe sasa! Kwa mtu mzima asiye na tatizo, upana wake ni kama milimita 6, yaani mwembamba kuliko penseli ya shuleni. Mwisho wake, pale unapoingia utumboni, kuna kichuchu kidogo chenye msuli unaofunga na kufungua kama mlango wa daladala. Aliyeuchunguza msuli huo na jina lake likabaki pale ni Muitaliano Ruggero Oddi, mwaka 1887, na wakati huo alikuwa bado mwanafunzi. Haya, vijana mpo? Wenzenu walikuwa hawapigi soga tu.

Kwenye mlango huo huo ndiko mrija wa kongosho nao unakomea. Kwa hiyo kijiwe kikiziba hapo kinaweza kuzuia nyongo, au kuwasha moto kwenye kongosho, au vyote viwili.

MAWE YANATOKA WAPI TENA?

Haya dada yangu wa Temeke, swali lako. Mawe ya mrijani baada ya kutolewa mfuko yanatoka njia mbili.

Njia ya kwanza ni lile lililobaki. Kabla mfuko haujatolewa, au siku ile ile ya upasuaji, kijiwe kinateleza kutoka mfukoni kinaingia mrijani, kinatulia kimya. Mfuko unatoka na ndugu zake, chenyewe kimebaki. Kinaweza kukaa miezi bila kelele, siku kikisogea ndiyo mtu anapiga yowe.

Njia ya pili ni jiwe jipya kabisa, lililozaliwa mrijani. Hili linatokea pale nyongo inapotembea polepole, labda kwa sababu mrija umetanuka au mahali fulani umebana kwa kovu, na bakteria wakapata nafasi ya kufanya makazi. Mawe haya mara nyingi ni laini, ya rangi ya kahawia, yanavunjika kama udongo.

Madaktari wana kipimo chao cha kukadiria: jiwe likionekana ndani ya miaka 2 tangu upasuaji, mara nyingi huhesabiwa kuwa ni lile lililobaki. Baada ya hapo, huhesabiwa kuwa jipya. Kwa hiyo si uchawi, na si mkasi. Shangazi na mjomba waombwe radhi kwa heshima zote, lakini wote wawili wamekosa.

Na mabinti msijidanganye kwamba haya ni magonjwa ya wamama tu. Ni kweli wanawake hupata mawe ya nyongo zaidi ya wanaume, na mimba nyingi na unene vinachangia. Lakini hata anayejikondesha kwa pupa, kilo nyingi ndani ya wiki chache ili gauni la harusi limkae, anajitafutia. Na vijana wenye selimundu wanapata mawe mapema, wengine wakiwa bado shule, kwa sababu chembe zao nyekundu zinavunjika upesi na mabaki yake yanajazana kwenye nyongo. Tanzania ni moja ya nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu, kwa hiyo usione mbali, yupo mtaani kwako.

ZAMANI NI KISU, LEO KUNA MILANGO

Mtu wa kwanza kutolewa mfuko wa nyongo alitolewa Berlin mwaka 1882 na daktari Carl Langenbuch. Tangu hapo kwa miaka mingi, jiwe likirudi, jibu lilikuwa moja: lala chini upasuliwe tena. Na kupasua tumbo lililokwisha kupasuliwa si mchezo. Makovu yameshikana, utumbo umegandamana na ini, daktari anatafuta mrija mwembamba kuliko penseli katikati ya vitu vilivyonata. Kila safari ya kurudi ni ngumu kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo mama wa Temeke akisema anaogopa kisu cha pili, haogopi kitoto. Ana hoja.

Lakini mama hajaambiwa jambo moja, kwamba siku hizi jiwe la mrijani kwa watu wengi linatolewa bila kufungua tumbo upya. Ipo milango kadhaa.

Mlango wa kwanza ni mdomo. Huu ndio unaotumika zaidi, na kwa kifupi wanauita ERCP, shika herufi hizo maana utazihitaji ukienda kuuliza. Mgonjwa hali kitu tangu usiku, anapewa dawa ya usingizi, anaingizwa mpira mrefu wenye kamera mdomoni, unapita kooni, tumboni, mpaka kwenye utumbo pale penye kile kichuchu cha bwana Oddi. Kamera ya mpira huu inaangalia pembeni, si mbele, ili ikione kichuchu uso kwa uso. Daktari anapitisha kijiti chembamba ndani ya mrija, anamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, na pale kwenye televisheni mawe yanaonekana kama mashimo ndani ya mto. Kisha waya mdogo wenye umeme unakata ule msuli kidogo kupanua mlango. Anaingiza puto dogo au kikapu cha waya, anakivuta kijiwe hadi utumboni. Kutoka hapo kinatafuta njia yake ya chooni, kimya kimya, wala hutakiona.

Kukata mlango huo kwa kupitia mdomoni kulitangazwa mwaka 1974, karibu wakati mmoja na Wajerumani Classen na Demling wa Erlangen na Mjapani Kawai wa Kyoto. Nchi mbili, bahari kati yao, wazo lile lile. Bomba!

Kama jiwe ni kubwa kuliko mlango, linavunjwa humo humo ndani, ama kwa kikapu chenye nguvu cha kulikaba mpaka lipasuke, ama kwa kupitisha kamera nyembamba zaidi ndani ya mrija wenyewe na kulipiga kwa leza. Na kama siku hiyo hayajaisha yote, daktari anaacha kijibomba cha plastiki ili nyongo ipite wakati mnapanga siku nyingine.

Mlango wa pili ni ngozi, kupitia ini. Huu ni wa wale ambao upasuaji wao wa zamani ulibadilisha mabomba, yaani mrija wa nyongo ulikatwa ukaunganishwa moja kwa moja na kipande cha utumbo. Kwa mtu huyo safari ya kutoka mdomoni imekuwa ndefu na ina kona nyingi, kama kutoka Kariakoo kwenda Posta ukizungukia Mbagala. Basi daktari anatumia ultrasaundi na eksirei, anaingiza sindano ndefu ubavuni hadi kwenye tawi la mrija ndani ya ini, anapanua njia taratibu, siku kadhaa au wiki, kisha anavunja mawe na kuyasukuma yashuke utumboni. Kwa wagonjwa hao hao Wajapani walileta pia kamera ndefu yenye maputo mawili, inayotambaa utumboni kama mnyoo mpaka inafika. Aliyeibuni, daktari Hironori Yamamoto, aliitangaza 2001.

Mlango wa tatu ni matundu madogo tumboni na kamera, njia ile ile inayotumika siku hizi kutolea mfuko. Madaktari wazoefu wanaweza kuutumia hata kwa mtu aliyewahi kupasuliwa, wakafungua mrija na kuusafisha, ingawa makovu yakizidi inabidi wapasue kwa mtindo wa zamani. Kisu hakijafa, jamani. Kimehamia tu mwisho wa foleni.

Mlango wa nne ndio uliomwokoa Shah, kwa hiyo turudi New York.

SHAH ALITOLEWAJE?

Daktari akishafungua mrija wa nyongo, zamani alikuwa na kawaida ya kuacha mpira wenye umbo la herufi T. Mikono miwili ya T inalala ndani ya mrija, mguu unatokea nje ya ngozi ubavuni, nyongo inadondokea kwenye mfuko wa plastiki. Mpira huu ulianzishwa na Mjerumani Hans Kehr zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sasa mwili wa binadamu una akili yake. Ukiuacha mpira wiki 4 hadi 6, mwili unajenga kuta kuuzunguka, inakuwa kama handaki kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mrija.

Vancouver, Kanada, alikuwepo mtaalamu wa eksirei, Joachim Burhenne, ambaye mwaka 1973 alikuwa ameshaandika kuhusu kulitumia handaki hilo. Mpira wa T unavutwa nje, na kabla tundu halijaziba, unaingizwa mpira mwingine unaogeuzwa kichwa kama usukani, kisha kikapu cha waya, huku daktari anaangalia kwenye eksirei. Kikapu kinafunguka, kinameza kijiwe, kinafungwa, kinavutwa nje. Mgonjwa yupo macho, hana kidonda kipya hata cha sentimita moja.

Burhenne akaitwa New York. Mwishoni mwa Novemba 1979, wiki kama 5 baada ya upasuaji, handaki limeshakomaa, alikishughulikia kijiwe cha Shah kwa njia hiyo hiyo. Desemba 2, 1979 Shah akaondoka New York kwenda Texas. Alikuja kufa Cairo, Julai 27, 1980, lakini kilichomaliza maisha yake ni saratani na matatizo yaliyofuatana nayo. Kijiwe kilikuwa kimeshatolewa kitambo.

Na Burhenne hakubahatisha. Mwaka 1980 alitoa hesabu ya wagonjwa 661 aliowatoa mawe kwa njia hiyo, na alifanikiwa kwa asilimia 95. Maana yake hata miaka ile, mtu aliyebakiwa na jiwe hakuwa lazima arudi kisuni, mradi yupo anayejua na vifaa vipo.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Nisije nikaonekana naipigia debe ERCP. Nayo ina hatari zake, na anayekuambia haina anakuzuga. Katika kila watu 100 wanaofanyiwa, kati ya 3 na 10 hivi wanapata uvimbe wa kongosho, wengi unapoa kwa siku chache, wachache unakuwa mkali. Ndiyo maana mara nyingi mgonjwa anawekewa dawa ya diklofenaki au indomethasini kwa njia ya haja kubwa kupunguza hatari hiyo. Usishangae, ni utaratibu. Pia kunaweza kutoka damu pale palipokatwa, kuingia bakteria, na kwa nadra utumbo kutoboka. Kwa hiyo njia hii inatumika pale ambapo vipimo vinaonyesha jiwe lipo kweli, si kwa kuchungulia tu. Siku hizi jiwe linatafutwa kwanza kwa damu, ultrasaundi na ile picha ya MRI ya mirija ya nyongo, ambazo hazimwingizii mtu mpira popote. Na ujue kwamba ultrasaundi ya kawaida inaweza kulikosa jiwe la mrijani, hasa likiwa chini kabisa. Ikisema hakuna na macho bado ya njano, msiridhike.

Wale waliowekewa kijibomba cha plastiki, sikilizeni kwa masikio yote mawili. Kile si mapambo. Baada ya miezi kama 3 kinatakiwa kutolewa au kubadilishwa. Kikiachwa kinaziba, na kikiziba ugonjwa unarudi na hasira. Andika tarehe ukutani, waambie na watoto.

Halafu kuna hawa wauza dawa ya kuyeyusha mawe, mafuta ya zeituni na ndimu, unakunywa usiku, asubuhi unaonyeshwa chooni vitu vya kijani unaambiwa ndiyo mawe. Mwaka 2005 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha kisa cha mwanamke aliyekunywa mchanganyiko wa namna hiyo akatoa vidonge vya kijani. Vilipopimwa, kumbe ni sabuni! Mafuta na ndimu vimekutana tumboni vikatengeneza sabuni laini, jiwe halisi limekaa pale pale linacheka. Pesa imeenda, na mbaya zaidi, siku zimeenda.

KWA NINI NILISEMA LEO LEO

Sasa lile nililoahidi. Mwaka 1877 Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza dalili 3 ambazo zikikutana kwa mtu mmoja, madaktari hukimbia: maumivu juu ya tumbo upande wa kulia au chembe ya moyo, macho ya njano, na homa ya kutetemeka. Soma tena barua ya dada yetu. Zote 3 zipo! Maana yake nyongo imezibwa, imeoza, na bakteria wanasukumwa kuingia kwenye damu. Huo si ugonjwa wa kungoja mwisho wa mwezi wala wa kunywea mseto wa malaria ukisubiri. Mtu anaweza kuondoka ndani ya siku chache. Hospitali wanaanza na maji ya mshipani na dawa za kuua bakteria, halafu wanafungua njia ya nyongo haraka, hata kama jiwe lenyewe litatolewa siku nyingine.

Dalili nyingine za kuziba: mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka kama udongo mweupe, na mwili unawasha usiku kucha. Mtu aliyewahi kutolewa mfuko akiona hayo, asiseme "mimi mawe nilishamaliza". Na si kila maumivu ni jiwe, yanaweza kuwa vidonda vya tumbo au jambo lingine kabisa, lakini anayejua ni kipimo, si shangazi.

Ukienda hospitali, beba karatasi za upasuaji wa kwanza. Daktari anatakiwa ajue kama mfuko ulitolewa peke yake au mabomba yaliunganishwa upya, maana ndiyo inayoamua mlango gani utumike. Na uliza bila aibu: "Daktari, jiwe la mama linaweza kutolewa kwa ERCP? Kama hapa hamna, tunapelekwa wapi?" Si kila hospitali ina vifaa na fundi wake, ni vitu vya hospitali kubwa za rufaa, na mshiko unahitajika, kwa hiyo bei na habari za bima ulizeni mapema. Lakini kuuliza ni bure, na barua ya rufaa ni haki yako.

Dada wa Temeke ameshaandika tena. Mama yupo wodini, homa imeshuka, anasubiri kupelekwa kwenye kamera. Anasema mama alipoambiwa watapitia mdomoni na si tumboni, aliuliza swali moja tu: "Na meno yangu ya bandia?" Yanavuliwa, mama, na utarudishiwa. Shangazi bado anashikilia ni mkono wa mtu. Mwacheni, mradi anapeleka uji.

Haya, kwaherini kwa leo. Na wewe uliyeazima gazeti, mrudishie mwenyewe, kisha wiki ijayo nunua la kwako.